Redio ikishavuka Holili, nani anaijua programu yake?

Afisa wa forodha pale mpakani Holili anaweza kufungua boksi la redio za mkononi, akahesabu vipande, akalinganisha na ankara na kutoza ushuru halali wa serikali. Kazi yake ameimaliza vizuri. Lakini redio zile bado hazijawa kitu. Zitakachokuwa kitaamuliwa jioni, mezani kwa fundi kama mimi, kwa kompyuta mpakato na waya wenye pini mbili.

Nafunga redio za upepo kati ya Moshi na Holili: magari ya watalii, walinzi wa mashamba, timu za kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro. Zamani kuhamisha redio masafa ilibidi ufungue kifuniko, ung'oe kristali, uchomelee nyingine, na hiyo nyingine uisubiri mpaka ifike. Siku hizi nachomeka waya, nabonyeza kitufe cha kusoma, na jedwali la chaneli linafunguka kwenye skrini. Naandika namba, nabonyeza kitufe cha kuandika, taa inamwekamweka kidogo na kuzima. Redio imeshakuwa nyingine. Kwa redio za bei nafuu kama Baofeng UV-5R, hakuna anayekuuliza wewe ni nani. Redio hiyo inaanzia megahezi 136, wakati marubani na waongoza ndege wanatumia 118 hadi 137. Sehemu ile ya juu iko wazi kwa yeyote mwenye waya, na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA) uko mkoani kwetu.

Hizo ni redio nyepesi. Zinazokuja, ambazo programu ndiyo inayochuja na kutengeneza mawimbi yenyewe, hazibadiliki chaneli tu. Zinabadilika nguvu, aina ya mawimbi, hata namna ya kuficha mazungumzo, na agizo linaweza kutoka mbali bila waya wowote. Mhandisi Mmarekani Joseph Mitola alikuwa akiandika kuhusu redio hizo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tulizoea kuidhinisha kifaa kwa kukikagua mara moja. Kifaa cha namna hii ukikikagua leo, kesho unaweza usikikute kilekile.

Agizo la mbali lilishaleta madhara: tarehe 24 Februari 2022, siku Urusi ilipoivamia Ukraine, wadukuzi waliingia kwenye mfumo wa kusimamia modemu za setelaiti ya KA-SAT ya kampuni ya Viasat. Hawakugusa setelaiti. Walipita njia ileile ambayo maagizo halali hupita kwenda kwa modemu za wateja, wakazifuta kumbukumbu. Modemu kwa maelfu zilikufa Ukraine na nchi nyingine za Ulaya, na Ujerumani mitambo ya umeme wa upepo ipatayo 5,800 ikawa haisimamiki tena kutoka mbali. Nikiona malori yanapanga foleni hapa na vifuli vya kielektroniki milangoni, vifuli vinavyotuma mahali vilipo kwa mtandao wa simu, swali langu ni hili: nani mwingine anaweza kuviamrisha?

Sisi wa mlimani tuna sababu ya ziada ya kujali. Mawimbi yakirushwa kutoka juu hayana kizuizi. Redio ndogo iliyoshikwa kwenye miteremko ya Rombo inaingia Taveta, upande wa Kenya, bila taabu. Msimu mmoja, chaneli tuliyowafungia waongoza wageni, kwa kibali na ada iliyolipwa, ilijaa mazungumzo ya magunia ya mahindi: bei, idadi, gari liko wapi. Mtu alikuwa amenakili masafa yetu kwenye redio zake. Juu kule, kambini Horombo, penye mita 3,720, ukiwa na mgeni aliyezidiwa na ugonjwa wa mwinuko unataka machela, unasubiri mahindi yaishe kuuzwa. Sitasahau hasira niliyokuwa nayo.

Hata hivyo sitaki redio zifungwe kabisa. Kampuni moja ya utalii niliyoihudumia ilinunua redio nzuri, muuzaji akaziwekea neno la siri, kisha akafunga duka. Kuhamisha chaneli moja tu ikashindikana, na redio nzima kabisa zikabaki kabatini. Mwenye mali asipokuwa na ufunguo, usalama huo ni wa nani? Kampuni ya ruta ya TP-Link ilijifunza pande zote mbili, ya kuacha wazi na ya kufunga, mwaka 2016. Ilikubali kulipa dola 200,000 nchini Marekani kwa sababu mtumiaji wa ruta zake angeweza kuchagua nchi nyingine kwenye menyu na ruta ikarusha kwa nguvu isiyoruhusiwa kule. Makubaliano hayohayo yaliitaka ishughulikie namna ya kuwaruhusu watu kupakia programu huria bila kuvunja kanuni za masafa. Mkazi wa Holili anaelewa upesi maana ya kifaa kujiona kiko nchi nyingine: hapa simu yenyewe hudaka mtandao wa Kenya ungali nyumbani kwako.

Ninachotaka kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, kinawezekana. Redio inayoombewa kibali ikatae programu isiyo na saini ya kidijitali ya mtengenezaji, na mipaka ya masafa na nguvu isiguswe kwa waya wa kawaida. Neno la siri la chaneli akabidhiwe mwenye kibali, kwa maandishi, siku ya mauzo. Kila badiliko liache kumbukumbu ndani ya redio: tarehe na fundi aliyesajiliwa. Na kwa kuwa tangu 2016 maofisa wa Tanzania na Kenya wanakaa chini ya paa moja kwenye kituo cha pamoja cha mpaka cha Holili na Taveta, mamlaka za mawasiliano za nchi hizi mbili zitambuane vibali hivyo kupitia EACO, shirika la mawasiliano la Afrika Mashariki. Tulishakubali gari lisimame mara moja tu. Redio iliyo ndani yake haina sababu ya kuachwa.

Mafundi wenzangu wananiambia tukisajiliwa tutanyanyasika, na wengi watajificha. Watajificha kweli, kama usajili utakuwa wa kusafiri hadi Arusha na kuzungushwa. Basi fomu ijazwe Moshi au Himo, mtihani uwe wa vitendo, kwa Kiswahili, na ada isizidi anachonilipa mteja kwa redio moja.