Kabla ya Kuziba Ufa

Methali yasema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hekima yake haina ubishi, kwani kasoro ndogo isiyoshughulikiwa mapema huzaa hasara kubwa. Hata hivyo, methali hiyo aghalabu hufuatwa kwa pupa. Mwenye nyumba huuona ufa, humwita fundi, fundi huja na mfuko wa saruji, na kabla ya jua kutua ufa umekwisha kufukiwa. Masika yajapo, ufa hurudi palepale au huchomoza pembeni. Bidii ilikuwapo na fedha zilitumika, lakini swali moja halikuulizwa: ufa huo ulitokana na nini?

Swali hilo lina uzito wa pekee katika miji ya kale ya pwani, kama vile Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Lamu, iliyoingizwa mwaka 2001. Nyumba nyingi za huko zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Nyingi zimepita umri wa miaka 100 na zinahitaji matengenezo makubwa. Yapasa isemwe wazi kwamba nyumba ya namna hiyo isipigwe nyundo kabla haijachunguzwa na kupimwa kwa mwaka mzima, masika na kiangazi. Maandalizi hayo ni sehemu ya kazi yenyewe, na pengine ndiyo sehemu iliyo kubwa.

Sababu ya kwanza imo katika kemia ya chokaa. Mawe ya matumbawe kwa sehemu kubwa ni kalisi kabonati. Yakichomwa katika tanuri kwa joto la kadiri ya nyuzi 900 za Selsiasi, hutoa gesi ya dioksidi ya kaboni, na hubaki kalisi oksidi. Kila kilo 100 za kabonati safi hutoa kilo 56 za oksidi na kilo 44 za gesi. Oksidi hiyo ikitiwa maji huchemka kwa joto lake yenyewe na kuwa kalisi hidroksidi, ndiyo chokaa ya mwashi. Ikisha kupakwa ukutani, hufyonza polepole dioksidi ya kaboni iliyomo hewani na kurudi kuwa kabonati. Kwa hiyo katika ukuta wa kale jiwe na kiunganishi chake ni vitu vya asili moja: vyote viwili ni laini kiasi, vyote vina vitundu vingi, na vyote hupitisha mvuke.

Sababu ya pili ni maji. Maji ya ardhini hupanda ndani ya vitundu vya ukuta kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi. Lipu ya chokaa haiyazuii yasipande, lakini huyaachia njia ya kutokea usoni pa ukuta yakiwa mvuke. Lipu nzito ya saruji huibana njia hiyo, nayo maji hubaki ndani na kupanda juu zaidi. Karibu na bahari maji hayo huchukua chumvi. Yanapokauka, chumvi huwa fuwele ndani ya vitundu, na fuwele zikikua husukuma na kupasua mpaka jiwe likamomonyoka kama unga. Wakati huohuo vichwa vya boriti vilivyopachikwa katika ukuta wenye unyevu huoza. Mpita njia huiona nyumba imependeza kwa lipu mpya, kumbe ndani yake inaliwa.

Je, mwaka wa maandalizi utumiwe vipi? Kila ufa utiwe alama ya penseli kwenye ncha zake zote, na tarehe iandikwe kando. Misumari miwili midogo ipigwe, mmoja kila upande, na umbali kati yake upimwe kila mwezi. Au kipande chembamba cha kioo kigandishwe juu ya ufa. Kikivunjika, ukuta unatembea. Ufa uliotulia waweza kuzibwa. Ufa unaoendelea kupanuka huelekeza macho kwenye msingi. Timazi iteremshwe kutoka juu ya ukuta, na nafasi iliyopo kati ya uzi na ukuta ipimwe juu, katikati na chini, ili ijulikane kama ukuta umeinama au umefanya tumbo. Boriti zidungwe kwa ncha ya bisibisi karibu na ukuta, kwa maana huko ndiko kuozea kuanziako. Mvua ikinyesha, njia ya maji ifuatwe kutoka paani hadi mtaroni. Doa linalotokea baada ya mvua na kutoweka jua likiwaka hutaja bomba au paa linalovuja. Doa lisiloondoka hata wakati wa kiangazi huelekea kutaja maji ya ardhini.

Maandalizi yahusu pia hesabu ya mizigo. Mita moja ya ujazo ya zege huwa na uzito wa kilo 2,400 hivi. Sakafu ya zege yenye unene wa sentimeta 10 huwa na kilo 240 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 4 kwa 3 kitaongezewa kilo 2,880, karibu tani tatu, kabla mtu hajaingia. Tanki la maji la lita 2,000 likijaa hubeba kilo 2,000 za maji peke yake. Anayetaka kuongeza ghorofa au tanki juu ya boriti za babu yake hana budi kuifanya hesabu hii mbele ya mhandisi. Na katika Mji Mkongwe hana budi kuomba kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji, iliyoundwa mwaka 1985.

Isisahauliwe kwamba wakati wa matengenezo ndio wakati wa hatari. Ukuta ukitobolewa au boriti ikichomolewa, mzigo uliokuwa umetulia kwa miaka mingi hutafuta njia nyingine ya kushukia chini. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib la Unguja, lililojengwa mwaka 1883, ilianguka wakati kazi ya kulikarabati ikiendelea, na watu wawili walipoteza maisha. Ikiwa jumba mashuhuri kiasi hicho laweza kufikwa na msiba, nyumba za vichochoroni zahitaji tahadhari kubwa zaidi. Mahali penye dalili za kuanguka hapangojewi mwaka: watu wahamishwe na ukuta utiwe miti ya kuuegemeza siku hiyohiyo, ndipo vipimo viendelee.

Watakuwapo watakaosema kwamba ushauri huu ni wa wenye nafasi. Chokaa huchelewa kushika, mafundi wake wamepungua, na saruji yapatikana katika kila duka. Hoja hizo zina ukweli, na saruji ina mahali pake katika nyumba za matofali ya saruji na misingi ya leo. Lakini penseli, uzi, kijiwe na daftari havina gharama. Na mwaka wa kupima haupotei bure, kwani ndio mwaka wa kuweka akiba, kuagiza boriti zilizonyooka, kumtafuta fundi aijuaye chokaa na kuilowesha chokaa yenyewe. Aliye na fedha kidogo ndiye hasa asiyemudu kufanya kazi moja mara mbili.

Shule za sekondari zaweza kulisaidia jambo hili. Mambo ya kupanda kwa maji katika vitundu, ya kalisi kabonati na ya nguvu na mizigo yamo katika masomo ya wanafunzi. Mawe mawili ya matumbawe yapakwe, moja lipu ya chokaa na jingine lipu ya saruji, kisha yasimamishwe katika sinia la maji ya chumvi kwa wiki kadhaa, na mabadiliko yaandikwe kila siku. Chokaa itumike ikiwa imekwisha kuzimwa na kupoa, chini ya uangalizi wa mwalimu, na macho na mikono ikingwe, kwani huunguza. Kisha wanafunzi waipime nyufa ya shule yao kwa mwaka mzima. Fundi atakapoitwa, akabidhiwe daftari lao kabla hajafungua mfuko wa saruji.