Nani Anamkanda Mkandaji?

Dadangu anafanya masaji kwa spa moja hapa Nairobi. Wateja watano kwa siku, wikendi hata saba. Juzi jioni nikamwona anashindwa kufungua chupa ya maji. Kidole gumba kimegoma. Akanipa nifungue, akacheka. Mimi sikucheka.

Nikamuuliza, "Wewe ulikandwa lini mara ya mwisho?" Ati chuoni, wakijiandaa kwa mtihani. Miaka mitatu!

Wasee, hii kazi inakula mwili. Siku nzima umeinama juu ya kitanda, unasukuma na uzito wako. Gumba, mabega, kiuno, vyote vinalipa. Misuli inayovuta vidole iko hapo kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, na ikikaza hakuna mtu anaigusa. Yeye huwaambia wateja hayo kila siku, akimaliza anarudi nyumbani kumeza dawa ya maumivu.

Najua mtasema ni pesa. Kweli, bei ya spa yenyewe haiwezi. Kinyozi hajinyoi, lakini hapo kazini kwao wako vinyozi wanne, na Jumatatu asubuhi wateja hakuna. Si wakandane kwa zamu, nusu saa kila mtu, na bosi asiwakate mshahara? Hata mteja atafaidika: ukilala hapo wewe mwenyewe ndio unakumbuka kiwiko kikiingia vibaya kinauma aje.

Nimemwambia aongee na bosi. Anasema ataona. Jana nikajaribu kumkanda na mafuta ya nazi, akaniambia nabonyeza mfupa.