641 iingie darasani

Wenzangu wa elimu, TP inakaribia, na ninajua namba tasa zitafundishwaje: maana ubaoni, kisha 2, 3, 5, 7, 11, 13, kariri, zoezi la kwanza, kengele. Mimi napendekeza kipindi kimoja cha Kidato cha Kwanza kiachiwe namba hii: 4,294,967,297.

Pierre de Fermat, Mfaransa, aliichukua 2, akaipa vipeo 1, 2, 4, 8 na 16, kila mara akijumlisha 1. Zikatoka 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote tasa! Mwaka 1640 akaamini kwamba ukiendelea kurudufu kipeo utapata tasa tu. Kipeo kinachofuata ni 32, na jibu lake ndiyo namba yetu. Ilikaa zaidi ya miaka 90 mpaka Leonhard Euler, mwaka 1732, alipoonyesha kuwa ni 641 mara 6,700,417. Mifano mitano ilikubali, wa sita ukagoma. Tangu hapo haijapatikana tasa nyingine ya aina hiyo hata moja.

Lakini utamu wenyewe uko kwenye kazi inavyopungua. Ukitaka kuikagua kwa nguvu, una namba tasa 6,542 za kujaribu kabla hujavuka 65,536. Nani ana muda huo? Euler alithibitisha kwamba kigawo chochote cha namba hii, ukitoa 1 yenyewe, ni lazima kiwe kigawe cha 64 ukiongeza 1. Yaani 65, 129, 193, 257, na kuendelea. Futa zisizo tasa, na mpaka kuifikia 641 umebaki na tano tu: 193, 257, 449, 577 na 641 yenyewe. Tano!

Najua mtaniambia nini. Mada ni nyingi, darasa limejaa, vikokotoo hakuna, na msimamizi kakaa nyuma na fomu yake ya alama. Sawa. Gawa darasa makundi matano, kila kundi na namba yake, wagawanye kwa njia ndefu waliyoletwa nayo kutoka shule ya msingi. Kikokotoo cha nini? Kundi la 257 litabaki na 2. Kundi la 641 litabaki na sifuri, na hapo mtasikia kelele. Msimamizi akikata alama kwa sababu ya kelele hizo, mimi nitaona fomu ndiyo yenye tatizo, maana watoto watakuwa wamempinga Fermat kwa kalamu zao, bila kuambiwa eti "kitabu kimesema".

Na atakayeuliza kama 6,700,417 nayo inagawanyika, msimjibu. Mwambieni kanuni ya 64 bado inafanya kazi, aanze na 641, akifika 2,561 bila kupata kitu aje aseme.