Mwana Yuko Baharini, Amana Iko Nyumbani

Sifa zote njema zinamstahikia Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu msomaji, makala hii naianza kwa kosa langu mwenyewe, kwani mwalimu asiyekiri kosa lake hana uso wa kuwakosoa wanafunzi wake.

Ijumaa moja mama mmoja mcha Mungu wa mtaani kwetu, hapa Kariakoo, aliniletea kikaratasi kwa mkono wa mjukuu wake. Mwanawe ni askari wa Kamandi ya Wanamaji ya JWTZ, ng'ambo ya bandari, Kigamboni. Kikaratasi kilikuwa na ombi la dua. Nami kwa haraka, na kwa nia njema, nikakisoma chote kama kilivyoandikwa: jina la kijana, chombo atakachosafiria, siku ya kuondoka na upande wanakoelekea. Waumini wakaitikia Amin. Vipaza sauti vyetu husikika hadi mtaa wa tatu, kwa wauza vitambaa, kwa wapagazi wa mikokoteni, na kwa wageni ambao hatuwajui walikotoka wala wanakokwenda.

Miezi kadhaa baadaye kijana akarejea salama. Alinifuata baada ya swala ya Isha, akanipa shikamoo, akakaa chini kwa adabu.

"Ustadhi," akasema, "dua imenifikia, Allah akulipe kheri. Lakini siku uliyoitangaza safari ile, mimi nilikuwa sijamwambia hata mke wangu. Mama nilimwambia kwa kuwa alilia."

Nikakosa la kumjibu. Akaongeza neno lililonichoma zaidi: "Tangu siku ile nampigia simu kwa nadra. Akiniuliza niko wapi, nikimjibu navunja kiapo, na nikinyamaza namuumiza."

Ndugu zangu, hapo ndipo lilipo jambo tunalolizungumzia. Mzazi asiyejua kulinda siri ya mwanawe huhatarisha safari, na pia humpoteza mwana. Mwana hujifunza kumkwepa mama yake, na mama hubaki akidhani amesahauliwa.

Tumtazame mama wa Nabii Musa (a.s.). Sisi huisimulia habari yake kwa watoto wa madrasa kama kisa cha kikapu na mto, tukasahau kwamba ni kisa cha mama aliyekuwa na mwana majini na siri kifuani. Katika Surat al-Qasas, aya ya 10, tunafahamishwa kwamba moyo wake ulibaki mtupu, na kwamba alikaribia kabisa kuidhihirisha habari ya mwanawe, lau Mwenyezi Mungu asingeutia nguvu moyo huo. Hakulaumiwa kwa uchungu wake. Uchungu wa mama si dhambi. Lakini uokovu wa mtoto ulipitia katika ulimi uliozuiwa. Kisha akamtuma dada yake Musa amfuatilie kwa mbali, pasi na watu kutambua. Angalieni hekima hiyo: hakumtelekeza mwanawe kwa kisingizio cha siri, wala hakuitoa siri kwa kisingizio cha mapenzi.

Mfano wa pili ni Ummu Sulaym (r.a.), mama yake Anas bin Malik (r.a.). Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alimtuma Anas, naye akiwa mtoto anayecheza na wenzake. Akachelewa kurudi nyumbani. Mama yake akamuuliza kilichomchelewesha, akajibu kuwa ametumwa na Mtume. Akamuuliza ametumwa nini. Mtoto akasema ni siri. Je, mama yule alimkaripia kwa kumficha mzazi wake? La. Alimwambia asimwambie mtu yeyote siri ya Mtume. Anas akaishi hadi uzeeni na siri ile hakuitoa, hata kwa mwanafunzi wake mpendwa Thabit. Siri ile ilihifadhiwa na mtoto, lakini aliyeijengea ukuta ni mama, pale alipokubali kutojua.

Kukubali kutojua! Hilo ndilo somo gumu kwetu sisi wazazi. Tumezoea kuamini kwamba kumpenda mtoto ni kujua kila kitu chake. Kwa mtoto aliyekula kiapo cha jeshi, mara nyingi kumpenda ni kuacha kuuliza.

Wapo watakaosema: "Maneno ya akina mama wa Kariakoo yana uzito gani katika mambo ya manowari?" Historia ya pwani yetu inajibu. Mwaka 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa katika bahari hii yetu. Tarehe 20 Septemba 1914 iliishambulia manowari ya Kiingereza Pegasus iliyokuwa imetia nanga Unguja kwa matengenezo ya mitambo yake. Chombo kilichosimama, ambacho adui amekwisha kujua mahali kilipo, hakina pa kukimbilia. Mabaharia zaidi ya 30 waliuawa. Kisha Königsberg ikajificha katika mikoko ya delta ya Rufiji, na Waingereza wakaitafuta bila kuiona. Ni nini kilichoifichua? Mwezi Oktoba walipekua meli ya biashara ya Kijerumani iliyokuwa Lindi, wakakuta humo hati za kupeleka makaa ya mawe. Hati za makaa! Hazikutaja vita wala mizinga, ila zilionyesha makaa yanapelekwa wapi. Kwa karatasi hizo wakajua pa kutazama, na Julai 1915 manowari ile ikamalizwa mtoni.

Siri kubwa huvuja kupitia jambo dogo ambalo msemaji wake hakulihesabu kuwa siri. Mama akisema, "Mwanangu hatakuwepo kwenye harusi ya mwezi ujao," na jirani akisema, "Hata wa kwangu kaitwa kazini kabla ya likizo kwisha," na mke wa tatu akisema, "Wamepewa chanjo za safari," hakuna kati yao aliyetoa siri. Lakini aliyeketi barazani na kikombe chake cha kahawa, akayasikia yote matatu, ameipata.

Tena tukumbuke tunaishi wapi. Jina lenyewe la Kariakoo ni la kijeshi. Limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi waliopiga kambi hapa wakati wa vita ile ile. Leo mahali hapa ni soko la mataifa. Wafanyabiashara hutoka Komoro, Kongo, Zambia, Malawi na Msumbiji kuja kununua bidhaa. Hao ni wageni wetu na hatuwadhanii vibaya. Dhana mbaya ni dhambi. Ila tufahamu kwamba neno lililosemwa asubuhi Mtaa wa Kongo laweza kulala Moroni au Lubumbashi usiku huo huo. Tarehe 25 Machi 2008 wanajeshi wa Tanzania na wa Sudan, pamoja na jeshi la Komoro, waliingia kisiwani Nzwani kwa njia ya bahari katika operesheni ya Umoja wa Afrika ya kumwondoa Kanali Mohamed Bacar. Wangapi kati yetu wana damu ya Kingazija, wana shangazi na binamu visiwani humo? Katika mji kama huu mtu hahitaji kuwa jasusi ili habari ipite kinywani mwake. Inatosha awe na ndugu na simu.

Na simu ndiyo iliyozidisha mtihani. Mwezi Januari 2018 dunia iligundua kwamba programu ya mazoezi iitwayo Strava ilikuwa imechora katika ramani yake njia walizokimbia watumiaji wake, wakiwemo askari waliokuwa katika kambi za mbali. Kambi zikaonekana kwa mistari ya miguu yao wenyewe. Hakuna askari aliyekusudia khiyana. Alikusudia kuhesabu hatua zake. Basi picha ya kijana mwenye sare, nyuma yake kuna chombo na gati, inayotumwa katika kundi la familia lenye watu 80, ina tofauti gani na zile hati za Lindi? Na simu hiyo inapoharibika tunamwachia fundi asubuhi, wazi, tunaifuata jioni. Mafundi wengi ni waaminifu, lakini amana ya mwanao hukuweka kwake wewe. Ziondoe picha hizo kabla hujaipeleka.

Wapo pia wanaouliza: "Sisi Waislamu tuna malalamiko yetu na wenye mamlaka. Kwa nini tuwalindie siri zao?" Swali hili lisidharauliwe. Jibu langu ni la namna tatu. Kwanza, kijana amekula kiapo kwa hiari yake, na Muislamu anafungwa na ahadi yake. Mzazi hana ruhusa ya kumvunjisha mwanawe ahadi. Pili, siku ya safari na njia ya chombo si siri ya mwanasiasa yeyote. Ni roho ya mwanao na roho za wenzake, na wenzake hao wana mama zao, Waislamu na wasio Waislamu, Tandika, Musoma na Songea. Tatu, siri tunayoizungumzia si pazia la kufichia dhulma. Mtoto akionewa, akiumizwa au akishuhudia uovu, asiambiwe anyamaze kwa jina la amana. Aeleze kwa wakubwa wake na kwa njia za sheria, na mzazi asimame naye. Lakini dhulma haiondolewi kwa kutangaza barazani chombo kinaondoka lini. Tena nchi ina Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 kuhusu habari za siri za serikali, na sheria haiulizi kama aliyetoa habari alikuwa na nia njema.

Basi mzazi afanye nini? Aya ya 83 ya Surat an-Nisaa inawakosoa wanaoieneza habari ya amani au ya khofu pindi inapowafikia, badala ya kuirejesha kwa wenye kuielewa. Kwa hiyo tukisikia uvumi kwamba chombo kimepata ajali au askari wamepigwa, tusiupeleke mbele, wala tusimpigie mke wa askari kumuuliza kama ni kweli. Kwake yeye, swali hilo tayari ni taarifa ya msiba. Na matapeli huvizia wakati huo huo: hupiga simu wakisema mwanao ameumia, tuma pesa kwa namba hii. Mzazi aliyesimulia sokoni kwamba mwanawe amesafiri amempa tapeli nusu ya uongo wake.

Sare na vifaa vya mwanao navyo ni amana. Visiazimwe wala visiuzwe pamoja na mitumba. Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku 7 kwa raia kusalimisha sare za jeshi na mavazi yanayofanana nazo, na maduka ya Kariakoo yanakumbuka.

Ukiulizwa yuko wapi, usiseme uongo. "Yuko kazini, alhamdulillahi, tumuombee" ni jibu la kweli na linatosha. Mtume (s.a.w.) mwenyewe, kama alivyosimulia Kaab bin Malik (r.a.), alikuwa aghalabu haweki wazi upande anaokusudia anapotoka kwa vita, ila safari ya Tabuk kwa urefu na ugumu wake.

Na msaada? Msaada ni mwingi, wala hauhitaji siri hata moja. Msaidieni mkewe: kodi ya nyumba, mtoto anayeumwa usiku, ada ya shule. Msimrushie ugomvi wa mirathi wiki anayojiandaa kusafiri. Mkumbusheni mapema aandike wasia na madeni yake, kwani hilo ni la kila Muislamu na si la kumtisha. Mfundisheni ruhusa za msafiri katika swala na saumu, ili asidhani dini yake imebaki nchi kavu. Anaporudi, mpeni muda alale na anyamaze kabla ya kumtaka hadithi. Asiposimulia, msimwite mwenye kiburi.

Nilimwita yule mama na mwanawe, tukakaa watatu baada ya darsa. Nilimwomba mama radhi kwanza, kwani kikaratasi kilikuwa chake lakini ulimi ulikuwa wangu. Nikamsomea habari ya mama yake Musa. Akalia kidogo, kisha akamgeukia mwanawe: "Sitakuuliza tena uko wapi. Nitakuuliza mambo manne: umeswali? Umekula? Unaumwa? Tukuombee nini? Hayo utanijibu?"

Kijana akasema, "Hayo nitakujibu kila siku, mama."

Hivi karibuni mjukuu ameniletea tena kikaratasi. Nilikifungua kwa khofu kidogo. Kilikuwa na maneno mawili tu: "Mwombeeni mwanangu." Nikakisoma chote kama kilivyoandikwa, na msikiti mzima ukaitikia.

Ewe Mola, wahifadhi watoto wetu walioko nchi kavu na walioko baharini, uzitie nguvu nyoyo za mama zao, na uzihifadhi ndimi zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.