Baada ya STI, nini?
Jirani yangu wa Kihonda ameuza Subaru Impreza WRX STI yake, na sasa hela zinamuwasha: anataka Nissan GT-R iliyotumika. Namwelewa. Ukishazoea gari la kasi, IST unaiona kama adhabu. Lakini aanze na ushuru. Injini ya EJ20, ile ya STI nyingi za Japani, ina CC 1,994, chini kidogo tu ya mstari wa 2,000 ambao ukiuvuka, ushuru wa bidhaa unapanda kutoka asilimia 5 hadi 10. GT-R ina lita 3.8, na ikishapita miaka 8 inaongezewa ushuru wa uchakavu. Halafu ataikimbiza wapi? Barabara kuu ya Dar ni malori na vibao vya 50 kila penye nyumba. Siku akienda kumsalimia mama mkwe Nyandira, kule kwenye kabichi na njegere za Mgeta, tumbo la gari litakwaruza mawe ya Uluguru huku Land Rover 110 za zamani, zimejaa abiria na magunia, zikimpita bila hata kupiga honi. Mimi ningebaki Subaru, Forester XT hasa: turbo ipo, magurudumu yote manne yanavuta, iko juu, na mafundi wanaijua. Kabla ya kulipa apime kompresheni ya silinda zote nne, aangalie kama maji ya rejeta yana mafuta, na muuzaji atakayeapa kwamba turbo hiyo haijawahi kukimbizwa amwachie gari lake.