Mkasi Kabla ya Cherehani

Kila mwaka, Ramadhani inapoingia kumi lake la mwisho, huwaona kina mama na mabinti wa mji wetu wamejaa kwenye vibaraza vya mafundi, kila mmoja na kitambaa chake kwapani na picha ya gauni alilolitamani mkononi, wakimsihi fundi, ambaye nguo zimekwisha kumrundikia hadi magotini, awapokelee na wao. Na usiku wa kuamkia Idi huwaona baadhi yao wakirudi na gauni linalobana makwapani, au lililofupishwa kwa kuwa kitambaa hakikutosha, ilhali nyumbani mwao mna cherehani iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, isiyoguswa ila kwa kutia kiraka au kukunga kanga mpya. Nimelitafakari jambo hili miaka mingi, na rai yangu ni kwamba tulichokosa si cherehani wala si mkono wa kushona, bali ni elimu ya kukata. Na kwamba njia iliyo sahali ya kuipata elimu hiyo ni kiolezo cha karatasi, mtu akifundishwa kwanza kukitii, kisha akafundishwa namna ya kukihalifu.

Wengi hudhani kukata ni mwanzo mdogo tu wa kushona, nami naona kinyume chake. Kushona, kwa mwenye mkono uliotulia na cherehani isiyokata uzi, ni kufuata mstari. Ama kukata ni kukichukua kitambaa, ambacho ni bapa kama meza, na kukiamrisha kizunguke mwili wa binadamu, ambao hauna mahali palipo bapa. Hapo ndipo panapohitajika ile mikunjo ambayo mafundi huiita dati, inayopunguza kitambaa kiunoni na kukiachia kifuani. Na hapo ndipo panapohitajika lile tao la juu ya mkono wa gauni, ambalo asiyejua hulikata sawasawa mbele na nyuma, asikumbuke kwamba mikono yetu hufanya kazi mbele yetu, na kwa hiyo upande wa nyuma ndio utakao nafasi zaidi.

Wazee wetu wa pwani waliijua elimu hii barabara, na ushahidi wake umo katika lugha yenyewe. Itazame kanzu ya kiume, vazi ambalo macho ya haraka huliona kuwa ni mfuko mrefu wenye mikono: ina badani, ndiyo kitambaa cha mbele na cha nyuma, ina taharizi, vile vipande vya ubavuni vinavyoipanua kuelekea chini ili mvaaji apige hatua na kukaa kitako bila ya kuzuiliwa, ina sijafu, ina kaba, ina lisani, na chini ya bega ina kikwapa, kipande kidogo ambacho kazi yake yote ni kuuacha mkono uinuke bila ya kuivuta kanzu nzima pamoja nao. Majina haya, yakitajwa kwa taratibu, ni kiolezo kamili kilichokaa kichwani badala ya karatasini, kikarithiwa na mwanafunzi kutoka kwa mwalimu wake. Hunisikitisha kwamba sisi, tulio watoto wa watu waliokipa jina hata kikwapa, tumeridhika kuvaa magauni yanayotubana papo hapo.

Karatasi ilikuja baadaye, na ilitoka mbali. Mwaka 1863 mshona nguo mmoja wa Marekani, Ebenezer Butterick, katika mji wa Sterling wa jimbo la Massachusetts, alianza kuuza violezo vya karatasi vilivyokatwa kwa vipimo mbalimbali, kwanza vya nguo za wanaume na watoto wa kiume, kisha vya magauni. Na fadhila yake si kwamba alibuni kiolezo, kwa maana violezo vilikuwako kabla yake, bali ni kwamba hapo zamani mama wa nyumbani alipewa kipimo kimoja tu, akaachiwa mwenyewe kukikuza au kukipunguza, kazi itakayo ujuzi ambao, lau angalikuwa nao, asingalikihitaji kiolezo. Jimbo hilo hilo la Massachusetts ndilo lililokuwa likiipelekea Unguja, kwa merikebu za wafanyabiashara wa Salem, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kilichochukua jina la nchi kilikotoka: merikani. Simtajii msomaji haya kwa ajili ya historia peke yake, bali kwa kuwa merikani ndiyo nguo ya kwanza ambayo anayejifunza kukata apaswa kuitia mkasi, kabla hajakigusa kitambaa alichokinunua kwa bei.

Hilo nilifunzwa na marehemu shangazi yangu. Nilikuwa na miaka 16, nimeazima kwa jirani kiolezo cha gauni, nimekwisha kukitandaza juu ya yadi 3 za poplini ya kijani nilizozidunduliza kwa miezi kadhaa, na mkasi nimeushika, yeye alipoingia, akanitoa mkasi mkononi bila ya kelele, akasema, "Mwanangu, karatasi hii haijakuona hata siku moja. Ipe merikani kwanza, ikujue." Tukakata kiwiliwili peke yake, bila ya sketi, tukakipiga bandi kwa mkono, mishono mirefu ya kufumuka kwa urahisi, akanivisha ndani nje, na pale palipozidi akapabana kwa pini, na pale palipobana akapapasua kwa ncha ya mkasi hadi palipolegea, akapima ule mwanya kwa futi yake. Ikadhihirika kwamba mgongo wangu ulikuwa mrefu kuliko wa karatasi kwa sentimita 2, na mabega yangu membamba kuliko ya karatasi. Tukaifumua bandi, tukailaza merikani juu ya kiolezo, na kiolezo nacho kikakatwa na kutiwa kiraka cha karatasi ya khaki pale palipokuwa na upungufu. Kile kiraka, nilivyokitazama usiku ule, kilinipa furaha ambayo gauni lenyewe halikunipa baadaye, kwa sababu kwa mara ya kwanza niliuona mwili wangu umeandikwa, wala haukuandikwa kuwa na ila. Karatasi ndiyo iliyosahihishwa.

Gauni lile, hata hivyo, halikupata mikono. Kiolezo kiliagiza mkono ukatwe mara mbili, nami nikaukata mara mbili juu ya kitambaa kisichokunjwa bila ya kuigeuza karatasi, nikajikuta na mikono miwili ya upande mmoja, wala hakikusalia kitambaa cha kukata mwingine. Nililia siku nzima. Tangu siku hiyo, kila nimfundishaye humtaka aisome karatasi yote kabla ya kushika mkasi: mishale yake, alama zake, na hasa kama akiba ya mshono imo ndani yake au haimo, kwa maana violezo vingi vya Marekani hutiwa akiba ya sentimita 1.5 pembeni, na baadhi ya vile vitokavyo ndani ya magazeti ya Ulaya havitiwi kabisa, na aliyezoea vya kwanza akakata vya pili vivyo hivyo atajishonea nguo ya mdogo wake.

Huko ndiko kutii. Ama kuhalifu, mfano wangu ni gauni nililomshonea binti yangu kwa doti moja ya kanga. Kila kipande cha doti kina urefu wa takriban sentimita 150 na upana wa takriban sentimita 110, kimezungukwa na pindo, kimebeba mji, yaani nakshi yake kuu, katikati, na jina, yaani maneno yake, limekaa juu ya pindo la chini. Sasa, kila kipande cha kiolezo kina mshale, na mshale huo huamuru karatasi ilazwe sambamba na mtande, yaani nyuzi za urefu wa kitambaa, ili nguo ining'inie sawa wala isijisokote miguuni. Lakini katika kanga mtande huufuata ule urefu wa sentimita 150, na jina nalo huufuata. Kwa hiyo anayeutii mshale atalikuta jina limesimama wima ubavuni mwa mvaaji, herufi zikipanda kama ngazi, na lile pindo, ambalo ndilo adhama ya kanga, limekatika vipande vipande.

Tulilolifanya ni kuiacha sketi ya kiolezo na kukichukua kipande kizima cha kanga kwa upana wake, mtande ukiuzunguka mwili badala ya kuufuata, jambo linaloruhusika kwa kuwa kanga ni pamba iliyofumwa kwa mfumo sahili, nguvu ya mtande na ya mshindio, yaani nyuzi za upana, ikikaribiana, na hasara yake ni ugumu kidogo tu katika mwanguko wa sketi. Sentimita 110 zilitosha kutoka kiunoni hadi miguuni, lakini zisingalitosha kutoka begani, na ndiyo maana gauni la namna hii lazima likatwe kiuno. Pindo la chini likawa ndilo upindo wenyewe, bila ya kukungwa. Mapindo mawili ya pembeni tuliyakutanisha nyuma katika mshono mmoja, yakawa kama utepe mpana unaoshuka toka kiunoni. Na kwa kuwa mshono ulikuwa nyuma, jina likaangukia mbele, juu ya nyayo, likisomeka lote bila ya kukatwa herufi hata moja. Juu tukakusanya marinda hadi yakalingana na kiuno cha kiwiliwili, ambacho tulikikata katika kipande cha pili kwa kukifuata kiolezo bila ya kubadili chochote, tukauweka mji mgongoni, kwa maana kifuani dati zingaliukata. Na kabla ya yote hayo kanga ilirowekwa, ikaanikwa kivulini na kupigwa pasi, kwa kuwa pamba isiyofuliwa hurudi baada ya mkasi, wakati ambapo haina tena msaada.

Msomaji ataona kwamba sketi niliibadili kwa uhuru na bega sikuligusa. Shingo yaweza kushushwa, mfuko kuongezwa, mkono kufupishwa, taraza au tarizi kutiwa kifuani, na kosa la humo husameheka. Lakini tundu la bega na tao la mkono ni vitu viwili vilivyooana, na anayekibadili kimoja bila ya mwenzake huharibu vyote viwili. Kuijua tofauti hiyo ndiko ninakokuita kujua kukata.

Wako watakaosema kwamba gauni la mtumba ni rahisi kuliko kitambaa kipya, nao wasema kweli. Lakini hata mtumba hautukai ila kwa bahati, na ajuaye kukata huyachukua magauni mawili ya namna hiyo akapata moja la haki. Naye, gauni lake kuukuu lililomkaa vizuri likichakaa, hulifumua mishono yote na kulilaza juu ya karatasi, akapata kiolezo kisichohitaji kusahihishwa. Wala mafundi wasidhani nawapunguzia riziki, kwani mteja ajuaye kipimo chake na kiasi cha kitambaa kinachotakiwa hamsumbui fundi wala hamlaumu bure.

Lawama yangu naielekeza kwenye masomo ya stadi za nyumbani kama nilivyoyaona katika baadhi ya shule zetu, ambamo mtoto hukaa muhula mzima akitarizi kitambaa cha meza, kazi njema isiyo na aibu, kisha humaliza shule hajapata kukata hata kiwiliwili kimoja cha gauni, na kisingizio hutolewa kwamba vifaa ni ghali. Hasha! Mtoto ahitaji futi ya kupimia, mkasi wa kuazimana, yadi mbili tatu za merikani ambazo zaweza kufumuliwa na kutumiwa tena, na mwenzake wa kumpima mgongo, maana hakuna awezaye kujipima mgongo mwenyewe. Na kama karatasi ya khaki haipatikani, kurasa nne za gazeti, zikisha kusomwa na kubandikwa pamoja kwa gundi ya unga, zatosha badani ya mbele na ya nyuma.