Stori Yako Si Mbaya, Imepangwa Vibaya

Mwaka jana niliandika stori ya mama na konda wakigombania chenji ya mbao pale Ngara. Nilikesha nayo. Nikaiposti nikijua hii lazima iwake. Beshte yangu akaisoma, akanitumia ujumbe mmoja tu: "Sasa hapa nani anaongea?"

Nikafungua nione. Wueh! Mimi nilikuwa nimempa kila mtu mstari wake:

Mathe, chenji nitakupa mbele.
Mbele wapi na mimi nashuka hapa?
Basi shuka.

Kwa tovuti ikatokea hivi:

Mathe, chenji nitakupa mbele. Mbele wapi na mimi nashuka hapa? Basi shuka.

Ugali mmoja. Nililaumu tovuti wiki nzima, kumbe kosa lilikuwa langu.

Tovuti nyingi za kuandikia zinatumia Markdown. Ilitolewa mwaka 2004 na Mmarekani John Gruber, akisaidiwa na Aaron Swartz, kijana wa miaka 17 wakati huo. Wazo lao ni rahisi: andika maandishi ya kawaida, weka alama ndogo ndogo, halafu programu igeuze hizo alama kuwa HTML, ile lugha ya kurasa za wavuti. Nyota moja kila upande, *hivi*, neno linalala. Nyota mbili kila upande, linakuwa zito. Alama ya # mwanzoni mwa mstari, hicho ni kichwa.

Sasa kuna tabia mbili zinazoua mazungumzo. Ya kwanza, ukibonyeza enta mara moja, Markdown ya kawaida haihesabu hiyo kama aya mpya. Inaunganisha tu. Lazima uache mstari mtupu katikati. Ya pili, ukianza maneno ya mtu na kistari kifupi halafu nafasi, inadhani unaandika orodha. Mama na konda wanageuka kuwa nyanya na vitunguu za kununua sokoni. Dawa? Weka alama za kufungua na kufunga usemi, na kila anayeongea apate aya yake.

Najua kuna wale watasema hizo ni stori za watu wa kompyuta, sisi ni wasanii. Zii. Alama kama hizi unazitumia WhatsApp kila siku, na zimekuwa huko tangu 2016. Ila chunga: nyota moja huko inafanya neno liwe zito, kwa Markdown inalilaza. Ukinakili bila kuangalia, msisitizo wako unabadilika.

Wengine watasema stori ikiwa tamu watu watasoma tu. Wewe mwenyewe husoma hivyo? Msomaji wako yuko kwa mat, kioo cha simu kimepasuka, bandoli zinaisha. Akipotea mara mbili, ashaenda. Hatakwambia lugha yako ilimchanganya. Atasema tu stori za Kiswahili zinaboesha, na hapo ndio mimi huumia.

Na tafadhali, wachana na zile herufi za mapambo unazonakili mtandaoni ndio kichwa chako king'are. Nyingi si herufi za kawaida, ni alama za hesabu zilizovaa suti. Programu zinazowasomea wasioona zinaweza kuzisoma vibaya ama kuziruka kabisa. Kichwa cha # kinaeleweka, na mtu asiyeona anaweza kuruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine.

Sisemi upambe kila kitu. Ukifanya kila neno liwe zito unakuwa kama mhubiri wa kwa mat: sauti juu mwanzo mwisho, na hakuna anayesikiza. Mimi hutumia neno zito mara moja ama mbili kwa ukurasa, basi.

Ile stori niliipanga upya bila kubadilisha hata neno moja. Beshte yangu akaisoma tena, akanitumia ujumbe: "Huyo konda ni mjinga sana." Hapo ndio nilijua imefika.

Kwa hivyo leo kabla uposti, mpe mtu asome kwa simu yake. Usimuulize kama ni tamu. Muulize nani anaongea.